Ramani ilisema binti yuko Likoni, mwalimu akasema yuko darasani

"Assalaam aleikum. Naishi Likoni, mama wa watoto watatu. Binti yangu wa kwanza ana miaka 14, yuko gredi ya tisa. Shule yake iko ng'ambo, kisiwani, na akitoka hupitia tuisheni Ganjoni kabla ya kuvuka feri kurudi nyumbani. Baba yake ni dereva wa trela, Mombasa hadi Kampala, siku nyingi hayuko. Tulimnunulia mtoto simu ya Android, na ndugu yangu akatuwekea ramani ya kumwona alipo, mimi na baba yake. Wiki jana saa moja kasoro robo jioni ramani ikaonyesha yuko Likoni karibu na steji, kidoa kimezungukwa na duara kubwa la buluu. Alipopigiwa akasema yuko tuisheni. Baba yake alimfokea vibaya sana, akamwita mwongo. Baadaye mwalimu alituambia mtoto alikuwa darasani muda wote. Baba yake bado haamini, anasema trela lake hufuatwa na ofisi mpaka kituo cha mafuta anachosimama na halikosewi. Sasa anataka tumpelekee simu fundi mmoja wa Mwembe Tayari aweke programu ya siri, ionyeshe alipo na pia meseji zake, mtoto asijue. Fundi anataka shilingi 4,000 na simu ilale kwake usiku mmoja. Jirani naye ananiambia hata ukizima data, kampuni ya simu bado inakuona, na kuna watu wanaweza kukutafuta kwa namba tu. Sijui niamini nini. Nifanyeje?"

Waaleikum salaam, dada yangu. Umeuliza mengi kwa pamoja na yote nitayagusa, lakini nianze na lile zito zaidi: kwa maelezo uliyotoa, binti yako alisema kweli. Ramani ndiyo iliyokosea, na ilikuonyesha yenyewe kwamba haina uhakika. Lile duara kubwa la buluu lilikuwa na maana.

Kidoa kwenye ramani ni makisio ya simu. Duara linalokizunguka ni kiasi cha shaka yake. Simu inasema mwenyewe yuko mahali popote ndani ya duara hili, na kidoa kimewekwa katikati kwa sababu hakuna pengine pa kukiweka. Duara likiwa na upana wa nyumba moja, unaweza kukitegemea kidoa. Likiwa kubwa kiasi cha kufunika steji ya Likoni, maji ya Kilindini na sehemu ya Ganjoni, basi Ganjoni imo ndani ya jibu sawa na Likoni. Siku nyingine ikitokea hivyo, ivute ramani kwa vidole viwili mpaka uone ukingo wa duara unaishia wapi, kabla hujapiga simu wala kumwambia mtu neno.

Sasa kwa nini simu ikose uhakika kiasi hicho? Simu hujitafuta kwa njia tatu na kuzichanganya, na kila njia ina pahala pake inapokwama.

Njia iliyo sahihi zaidi ni setilaiti, ile inayoitwa GPS, pamoja na ndugu zake wa Urusi, Ulaya na China ambazo simu nyingi za siku hizi husikiliza pia. Setilaiti za GPS ziko juu yetu kiasi cha kilomita 20,200, na wengi hudhani kwamba zinatuangalia. Hazituangalii. Setilaiti haijui kama simu ya binti yako ipo duniani. Inachofanya ni kutangaza saa yake na mahali ilipo, basi, na simu inasikiliza. Fikiria umesimama Mji wa Kale alfajiri, umepotea uchochoro, na misikiti yote imeanza adhana sekunde ile ile. Ya karibu utaisikia mwanzo, ya mbali itachelewa kidogo. Ukijua kila msikiti uko wapi na kila sauti imechelewa kiasi gani, unaweza kukadiria umesimama wapi. Simu hufanya vivyo hivyo kwa mawimbi ya redio, na inahitaji kuzisikia setilaiti zisizopungua nne. Mawimbi haya yana kasi mno: ukikosea muda kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mahali kwa mita 300. Nje penye mbingu wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi. Lakini mawimbi yenyewe yanafika yakiwa dhaifu sana. Ghorofa la zege juu ya kichwa linatosha kuyaziba, na kwenye vichochoro vyembamba yanagonga kuta na kufika yamechelewa, kisha simu inadhani iko pengine.

Binti yako alikuwa ndani ya jengo, simu imo ndani ya begi, begi chini ya dawati. Hapo setilaiti zimeshapotea, na simu inahamia njia ya pili, yaani waifai. Kila ruta, kile kifaa kinachotoa waifai, hutangaza jina na namba yake mfululizo, na simu huzisikia hata kama haijaunganishwa nayo na haina nywila yake. Google na Apple wana kumbukumbu kubwa ya ruta ipi husikika wapi, iliyokusanywa kupitia simu za watu wanaopita. Kwa hivyo simu ikisikia ruta tatu za jengo fulani, inasema: bila shaka niko jengo hilo. Njia hii ni nzuri mjini, ila ina udhaifu wake. Mtu akihama Likoni na kwenda kupanga Ganjoni, akaibeba ruta yake, kumbukumbu inaweza kuendelea kwa muda kuamini kwamba ruta ile bado iko Likoni. Kila simu inayoisikia pale Ganjoni inaweza kuvutwa kwenda ng'ambo, na hakuna aliyefanya kosa.

Ya tatu ni minara ya simu, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mnara mmoja unaweza kuhudumia eneo la mamia ya mita mpaka kilomita kadhaa, na simu haishiki lazima ule ulio karibu. Hushika ule inaousikia vizuri na wenye nafasi. Mlango wa Kilindini pale kwenye feri una upana wa kama nusu kilomita tu, na juu ya maji hakuna ukuta wa kuzuia mawimbi. Saa moja kasoro robo jioni unaijua hali ya pale: maelfu ya watu wanatoka kazini, wote wako kwenye foleni ya feri, wote simu mkononi. Simu iliyo Ganjoni kushikwa na mnara wa Likoni saa kama ile ni jambo la kawaida kabisa. Ukiniuliza mimi, kwa sababu ya lile duara kubwa, naweka dau langu kwenye mnara kabla ya ruta.

Kuna jambo la nne ambalo si njia ya kutafuta mahali ila huwachanganya wazazi wengi kuliko hayo yote: muda. Ukigusa picha ya mtoto kwenye ramani, chini yake huandikwa mara ya mwisho mahali pake palipopokewa, "sasa hivi" au "dakika 40 zilizopita". Data ikiisha, au betri ikishuka na simu ikaingia hali ya kuokoa chaji, simu huacha kutuma au hutuma kwa nadra, na kidoa kinabaki pale kilipoachwa. Mtoto anaweza kuwa ameshafika nyumbani, anakula, huku ramani ya baba yake aliye Mtito Andei inaonyesha yuko shule. Soma muda kwanza, halafu duara, halafu ndipo utazame kidoa.

Na sasa hoja ya baba watoto kuhusu trela lake, kwa sababu ni hoja ya mtu anayejua kazi yake na inastahili kujibiwa vizuri. Ni kweli, magari ya mizigo hufuatwa kwa usahihi, na mizigo inayopita kwenda nchi jirani hufungwa pia lakiri ya elektroniki ya mamlaka ya ushuru. Lakini kifaa kile kimewekwa kwenye gari kubwa la wazi, antena yake inaona mbingu, gari liko barabarani kutwa kucha, na kazi yake ni hiyo moja tu. Kile cha kwenye gari kinakula umeme wa gari lenyewe. Simu ya mtoto ina betri ndogo inayogawana kazi na picha, nyimbo na WhatsApp, na muda mwingi iko gizani ndani ya begi. Trela lingelala ndani ya ghala la zege, ofisi nayo ingeona mambo ya ajabu. Mweleze hivyo, ataelewa kuliko mtu yeyote. Na umkumbushe jambo moja zaidi kuhusu kifaa kile: yeye mwenyewe anajua kipo. Hakuna aliyekificha chini ya kiti chake. Angekigundua siku moja kimefichwa, pamoja na kinasa sauti cha maongezi yake na mkewe, angejisikiaje juu ya tajiri yake?

Kabla ya kwenda mbele, nakuomba jambo ambalo halina ufundi ndani yake. Mtoto huyu aliitwa mwongo na babake kwa kosa la mashine, na mwalimu akathibitisha. Baba ampigie, amwombe radhi kwa jina la kosa lenyewe: nilikuita mwongo, na ulikuwa umesema kweli. Nasisitiza kwa sababu mpango wowote nitakaokupa hapa chini unategemea mtoto kupokea simu yenu na kusema ukweli anapokuwa mashakani. Mtoto wa miaka 14 aliyeona kwamba ukweli haukumsaidia ataanza kuiacha simu darasani makusudi na kwenda zake, na kidoa kitakaa pale kinawatuliza.

Sasa jirani. Kasema kweli nusu. Ni kweli kampuni ya simu inajua simu yako iko kwenye mnara upi, hata kama ni kabambe ya vitufe isiyo na intaneti, hata ukizima kile kitufe cha mahali. Lazima ijue, vinginevyo ukipigiwa isingejua simu iitwe wapi. Lakini inachojua ni mnara, pamoja na makosa yote niliyoyaeleza, na kumbukumbu hizo zinalindwa na sheria. Hazifunguliwi kwa sababu jirani au mume ameomba. Ukizima simu kabisa, mnara hauioni tena. Baadhi ya simu mpya, kwa mfano iPhone za miaka ya karibuni, huendelea hata zikiwa zimezimwa kutoa ishara ndogo ya Bluetooth ili mwenyewe aweze kuzitafuta zikipotea, na ishara hiyo huonekana kwenye akaunti ya mwenyewe. Hali ya ndegeni nayo inakata mnara, ila GPS ni kusikiliza tu, kwa hivyo simu inaweza kuendelea kujua ilipo na kutuma baadaye ikirudi hewani.

Wale wanaodai kukutafuta kwa namba tu, kwa kulipwa, ni matapeli. Hakuna tovuti wala programu ya mtaani inayoweza kupokea namba ya simu ya mtu asiyehusika na kuonyesha alipo kwenye ramani. Wanachofanya ni kuchukua pesa, au kukutumia kiungo ukibonyeze wewe na kuwapa ruhusa.

Nifike kwa fundi, kwa sababu hapa ndipo ninapokuomba kwa moyo wote usipeleke simu. Nikueleze atakachoifanyia simu usiku huo, uamue mwenyewe.

Kwanza atahitaji namba ya siri ya kufungulia skrini, maana programu za aina hii haziwekwi kwa mbali kwa bei ya shilingi 4,000. Lazima mtu aishike simu. Ataingia Play Store na kuzima Play Protect, ule ulinzi wa Google unaokagua programu mbaya. Ataruhusu simu kupokea programu kutoka nje ya duka rasmi, atashusha faili kutoka tovuti fulani, kisha ataipa programu hiyo ruhusa ya zana za ufikivu. Ruhusa hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri, ili simu iweze kuwasomea kilichoandikwa. Mwenye kuipata anasoma kila herufi inayotokea kwenye skrini: meseji, nywila, maongezi ya WhatsApp, kila kitu. Ataipa pia ruhusa ya kamera, maikrofoni na picha, kisha ataificha alama yake isionekane, au aipe jina la uongo linalofanana na huduma ya mfumo.

Asubuhi utarudishiwa simu na nywila ya tovuti ya kumtazama mtoto. Lakini picha zake, sauti yake na meseji zake hazitakuja kwako moja kwa moja. Zitakwenda kwanza kukaa kwenye kompyuta za kampuni usiyoijua, nchi usiyoijua. Kampuni hizi zimevuja mara nyingi. Mwezi wa Juni 2023, LetMeSpy ya Poland ilidukuliwa, meseji na mahali pa watu waliokuwa wakichunguzwa vikaibwa, nayo ikafungwa miezi michache baadaye. Mwaka 2024 zilivuja kumbukumbu za mamilioni ya wateja wa mSpy. Huko Marekani, Septemba 2021, tume ya biashara ya serikali iliipiga marufuku SpyFone kufanya biashara ya uchunguzi wa siri, na sababu mojawapo ni kwamba ilishindwa kulinda ilichokusanya. Na hao ndio wenye majina. Hiyo atakayoiweka fundi wako inaweza kuwa nakala ya nakala. Zaidi ya hayo, fundi mwenyewe ndiye atakayefungua akaunti. Nani atakuhakikishia kwamba yeye hatabaki na ile nywila? Unampa mwanamume usiyemjua uwezo wa kuona picha za binti wa miaka 14, kusikia chumba anachokaa na kujua anashuka feri saa ngapi. Hilo ndilo unalolilipia.

Kisheria nitasema machache, mimi si wakili. Ibara ya 31 ya Katiba yetu inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 33, inasema taarifa za mtoto hushughulikiwa kwa idhini ya mzazi au mlezi na kwa njia inayolinda maslahi ya mtoto. Kwa hivyo mzazi ana nafasi yake, hakuna anayekunyima haki ya kumlinda mwanao. Lakini ile Sheria ya Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inamtoza anayeingia kwenye kompyuta au simu ya mtu bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote. Mtu mzima kumwekea mtu mzima mwenzake programu ya siri, hata kama ni mume kwa mke au mke kwa mume, ni jambo la hatari kisheria. Nalisema kwa sababu fundi akishazoea njia ya nyumbani kwenu, simu inayofuata inaweza kuwa yako.

Ikiwa simu ilishawahi kulala kwake, usihangaike, fuata haya. Fungua WhatsApp kwenye simu ya mtoto, nenda kwenye vifaa vilivyounganishwa, na utoe chochote usichokijua. Kuunganisha kifaa kingine huchukua muda mfupi tu, na watu husahau kuangalia. Tazama kama Play Protect imezimwa. Nenda Mipangilio, kwenye zana za ufikivu, uone kama kuna jina geni lililowashwa. Ukikuta dalili, hamisha picha na namba muhimu, ifute simu irudi kama ilivyotoka dukani, na ubadilishe nywila ya akaunti ya Google kwa kutumia simu nyingine. Simu kupata joto na chaji kuisha haraka peke yake si ushahidi. Kwa joto letu la Mombasa na betri iliyozeeka, simu nyingi hufanya hivyo bila kuchunguzwa na mtu.

Basi mfanye nini badala yake? Mimi naona kumfuata mtoto wa umri huu kwa ramani ni sawa, mradi ajue, na mradi muda uwe na mipaka. Kwa safari ya jioni, njia ninayoipenda ni ile ya WhatsApp ya kutuma mahali mubashara. Anapotoka tuisheni anaiwasha mwenyewe kwenye kundi la familia, anachagua dakika 15, saa moja au saa 8, na ikifika inajizima. Saa moja inamtosha kufika nyumbani siku nyingi. Inakula data kidogo, ingawa chaji inapungua, kwa hivyo atoke nyumbani asubuhi simu imejaa. Mkitaka ya kudumu, Family Link ya Google inafanya kazi kwenye simu yake, na inamwonyesha mtoto waziwazi kwamba wazazi wanamsimamia. Kwa siku ya simu kupotea, hakikisha huduma ya Google ya kutafuta kifaa imewashwa. Hizo zinatosha. Usirundike programu nyingine.

Kaa naye chini, na baba awepo hata kwa simu, mkubaliane nani anaona na lini. Hapa nina maoni ambayo huenda baba watoto hatayapenda. Mwenye kutazama ramani awe mtu anayeweza kufika. Baba akiwa Malaba usiku na kidoa kikasimama, hana la kufanya ila kufoka, na ndicho kilichotokea. Wewe uko Likoni, na kama mna shangazi, binamu au mzazi mwenzako upande wa Ganjoni, huyo ndiye wa kupigiwa kwanza. Andika namba ya mwalimu wa tuisheni kwenye simu yako na pia kwenye karatasi ukutani.

Mkubaliane pia kidoa kikileta maneno mtafanyaje. Ningependekeza hivi: ukiona jambo la ajabu, soma muda na duara, ngoja dakika kumi, kisha mtumie meseji ya kawaida, "umefika wapi mama?" Asipojibu kwa nusu saa, piga. Asipopokea, mpigie mwalimu. Na feri unaijua: kidoa kinaweza kusimama upande wa kisiwani dakika 40 kwa sababu ya foleni, na katikati ya maji kikaruka huku na huku. Usimpigie akiwa kwenye msongamano ule. Mtoto anayetoa simu mfukoni katikati ya watu ili amjibu mama yake ndiye anayeporwa. Akishashuka na kusimama mahali penye mwanga na watu, atawajibu.

Kuna kitu kingine ambacho ningekitazama pamoja naye kabla ya kitu chochote, kwa sababu kinanitia wasiwasi kuliko tuisheni. Watoto wa rika hili hutumia programu kama Snapchat, na ndani yake kuna ramani inayoonyesha marafiki walipo. Ukiifungua kwa mara ya kwanza huwa imezimwa, lakini watoto huiwasha kwa kuwa wenzao wamewasha, na "marafiki" wanaweza kuwa watu mia mbili, wengine hajawahi kuwaona kwa macho. Mwombe akuonyeshe, bila kumshutumu, na mzime pamoja. Kisha pitieni Mipangilio, sehemu ya mahali, muone ni programu zipi zina ruhusa. Mchezo wa mpira au tochi havihitaji kujua mtoto yuko wapi. Ramani na teksi za mtandaoni zipewe ruhusa wakati zinapotumika tu. Mweleze pia kwamba picha iliyopigwa na simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa; WhatsApp huondoa taarifa hiyo picha ikitumwa kama picha ya kawaida, lakini ikitumwa kama faili inabaki. Mtoto akishayaelewa haya, atajilinda mahali ambapo wewe hutakuwepo.

Mwisho, mambo ambayo hayatatuliwi kwa maandishi yangu. Siku mtoto akichelewa kweli, mwalimu hajamwona, simu imezimwa na jamaa wa Ganjoni hawana habari, usingoje saa 24. Watu wengi wanaamini kwamba lazima siku ipite ndipo polisi wapokee taarifa, na si kweli. Nenda kituo cha karibu usiku huo huo na picha yake ya karibuni, nguo alizovaa, mahali na saa kidoa kilipoonekana mara ya mwisho, na uhakikishe umepewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Nambari ya simu ya msaada kwa watoto ni 116, haina malipo. Polisi wakiona haja, wao ndio wenye njia halali ya kuomba kumbukumbu za minara.

Na kama chini ya swali hili kuna lingine hukuliandika, kama unahisi simu yako wewe inafuatwa, mtu anajua ulipokwenda kabla hujamwambia, au unaogopa atakachofanya akigundua umeuliza, basi usifute kitu chochote kwenye simu hiyo kwa haraka. Programu ikitolewa ghafla, aliyeiweka anajua. Azima simu ya mtu unayemwamini na upige 1195, laini ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni bure pia, uzungumze na mtu kuhusu usalama wako kwanza. Simu itashughulikiwa baadaye.

Kwa leo, kabla hujalala, bonyeza *#06# kwenye simu ya binti yako, unakili zile namba 15 za IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, kwenye daftari, na uweke pamoja na risiti ya dukani. Ikiporwa, polisi watakuuliza namba hiyo kwanza, na hapo ramani inaweza kuwa imeshazimwa.